Mlio Katika Gari la Viti Viwili

Mume wangu alinunua gari la spoti mwaka ule ule ambao wazee wake walikuwa wakimsihi anunue ng'ombe wa maziwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, na sisi tulikuwa bado maharusi. Yeye alikuwa fundi wa mitambo kwenye karakana ya reli pale Voi. Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya msingi mjini humo humo, na Jumapili nikiongoza kwaya ya kanisa. Nyumbani aliniita Mwalimu, nami nikamwita Fundi. Tulianza kwa mzaha, lakini majina yakatuganda.

Gari lenyewe lilikuwa la meneja wa shamba moja la mkonge upande wa Mwatate, Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Lilikuwa la kijani, lenye viti viwili tu, halina paa isipokuwa turubai lililochanika, na lilikaa chini sana hata mtu akiwa ndani ungedhani ameketi barabarani. Magurudumu yake hayakuwa ya bati kama ya magari mengine. Yalikuwa ya spoki, zimesukwa kama za baiskeli, ila nene zaidi, na kila gurudumu lilishikiliwa na nati moja kubwa katikati yenye masikio mawili, ya kufunguliwa kwa kugongwa na nyundo. Meneja alikuwa amezipaka spoki zote rangi ya fedha ili zing'are.

Tulilikuta bandani, kuku wametaga kwenye kiti cha abiria. Fundi alilihangaikia majuma mengi, na siku lilipowaka aliniketisha pale pale walipotaga kuku, akanipeleka Mwatate na kunirudisha. Kitambaa changu cha kichwa kilipeperuka tukiwa Mraru na hatukusimama kukiokota. Nilicheka njia nzima mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa nimekulia nyumba yenye adabu nyingi na sauti za chini, na sikujua kwamba mtu mzima anaweza kufurahi namna ile bila kuomba ruhusa ya mtu.

Watu walitucheka, bila shaka. Wenzake wa karakana walimuuliza mtoto akizaliwa atafungwa wapi, juu ya bonneti? Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi juu milimani upande wa Wundanyi, alilizunguka gari mara moja, akasimama nyuma yake na kuuliza kwa upole, "Na gunia la mahindi litaingia wapi, mwanangu?"

Mlio ulianza siku ile ile, tukishuka kutoka kwake.

Barabara ya kutoka Wundanyi kwenda Mwatate ilikuwa kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa tupu. Tulikuwa tumeshapita kona kadhaa nilipousikia. Kriti-kriti-ting. Kriti-kriti-ting. Ulitoka chini, mbele, upande wangu wa kushoto. Kisha barabara ikanyooka na mlio ukakatika.

"Umesikia?" niliuliza.

"Nimesikia," akasema. "Ni kijiwe kimeingia mahali."

Kona iliyofuata ilikata kushoto, kimya. Iliyofuata ikakata kulia, na mlio ukarudi. Fundi alitoa gia, akaliacha gari liteleze lenyewe. Injini ikatulia, lakini mlio ukaendelea. Hapo nilimwona akikunja uso, kwa sababu alikuwa ameshajua kwamba kitu kilichokuwa kikilia hakikuwa injini wala giaboksi. Kilikuwa kati yetu na barabara.

Tulipofika Voi alilala chini ya gari mpaka mchana ulipokwisha. Hakuona kitu.

Kulikuwa na mzee mmoja Mkamba aliyekuwa na gereji nyuma ya soko, mtu aliyeheshimiwa na madereva wote wa malori ya njia ya Mombasa. Fundi alimpelekea gari. Mzee aliliendesha mjini mara kadhaa, akarudi akitabasamu.

"Bwana, hii gari haina ugonjwa."

"Inalia kwenye kona za mlimani, Mzee."

"Hapa Voi nitapata wapi mlima?" akasema. Hata hivyo alipandisha gari kwa jeki, akatikisa gurudumu la mbele kushoto, akasema beringi imechoka kidogo. Akaibadilisha. Tairi nalo lilikuwa na mwiba, kwa hiyo alifunga gurudumu la spea, akaziba lile lenye mwiba na kuliweka kwenye buti. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulipanda tena Wundanyi na kushuka. Kimya. Tulishuka kona zote za kulia na za kushoto, gari likiteleza kama maji. Fundi alipiga mluzi mpaka nyumbani, na kesho yake alimpelekea yule mzee nyama ya mbuzi ya kumshukuru.

Raha hiyo ilidumu majuma machache. Siku moja tulipata pancha karibu na Mraru, gurudumu la nyuma kulia. Tukafunga spea, tukaendelea na safari yetu ya kwenda kwa mama mkwe. Na kwenye kona za mlimani mlio ukarudi. Safari hii haukutoka mbele kushoto. Ulitoka nyuma, upande wa kulia, chini ya mgongo wa Fundi, na ulisikika kwenye kona za kushoto tu.

"Umehama," nilisema.

"Mlio hauhami," akanijibu. "Huu ni mwingine. Gari linaoza vipande vipande."

Kuanzia hapo nyumba yetu haikuwa na amani. Kila jioni alikuwa chini ya lile gari. Alifungua ekseli ya nyuma na kuifunga tena. Alibadilisha springi, akabadilisha shokamzoba, akazungushia mpira bomba la egzosi. Aling'oa viti na kukuta kizibo cha soda, akakileta jikoni akikirusha juu kama mtu aliyepata dhahabu. Tulikwenda kujaribu. Kriti-kriti-ting. Jirani yetu alisema pengine panya amezalia ndani ya bodi. Mwingine alisema meneja hakuliacha gari kwa moyo mweupe. Fundi hakuyajali hayo ya pili, lakini ya panya aliyachunguza, maskini, kwa tochi.

Sina budi kueleza mume wangu alikuwa mtu wa namna gani, ili ijulikane jambo hili lilimwingia kiasi gani. Pale karakana, injini ya treni ilipokuwa ikisumbua, wenzake walimwita asimame kando yake na kusikiliza tu. Alikuwa akisikiliza, halafu ananyoosha kidole: hapa. Na hapo ndipo walipofungua. Sasa yeye huyo huyo alishindwa na kigari ambacho watu wanne wangeweza kukiinua. Wenzake walianza kuigiza ule mlio alipopita. Walitania kwa mapenzi, lakini aliacha kupiga mluzi. Akaacha hata kuniambia mambo ya kazini.

Halafu akaja na habari kwamba ameshapata mnunuzi.

Tulikuwa tunakula. Nilirudisha tonge sahanini.

"Nani?"

"Mzee mmoja wa Mahoo, kule Taveta. Ana ndizi na nyanya, ana lori. Aliliona gari letu stesheni siku alipoleta mzigo. Jumamosi tunampelekea."

"Na hukuniuliza."

"Mwalimu, sikiza." Aliongea akiangalia meza. "Mlio ambao siujui, kwenye barabara yenye bonde upande mmoja. Siku kitu hicho kikikatika tukiwa kwenye kona, nitamwambia nini mama yako? Siwezi kukubeba kwenye gari ninalolishuku."

Nililia kidogo nikiosha vyombo, naye alinisikia, akaja kunisaidia kuvipangusa.

Ijumaa alilisafisha. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa na tairi lililoisha, kwa hiyo alilitoa na kulifungia kwenye buti kama spea, akafunga lenye tairi zuri zaidi mahali pake. Hakutaka mnunuzi akaribishwe na tairi la kipara. Aling'arisha hata pete za taa.

Jumamosi tuliondoka asubuhi, jua likiwa bado laini. Voi ilikuwa ikifungua maduka. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, na vumbi lilituandama kama mkia. Tulipita Mraru, tukapita Mwatate, tukaingia kwenye zile kona zinazozunguka miguu ya milima kuelekea Bura. Nilikuwa nimetega masikio. Kona ya kulia, kimya. Kona ya kushoto, kimya. Gari liliimba wimbo wake wa injini tu.

Fundi alitikisa kichwa. "Unaona? Siku ya kuliuza ndiyo siku limekuwa na heshima."

"Utamwambia mnunuzi kwamba huwa linalia?"

"Nitamwambia. Akilikataa, tutarudi nalo."

Nilimpenda sana kwa jibu hilo, na wakati huo huo niliomba kimoyomoyo lilie, ili likataliwe.

Kabla ya kufika Bura, tairi la mbele kushoto likapasuka. Usukani ulivuta, akaudhibiti, tukasimama kando ya mashamba ya mkonge. Alitoa nyundo, akagonga ile nati yenye masikio, akafunga spea, tukaondoka tena. Haikuchukua muda. Kona ya kwanza iliyokata kulia, chini ya miguu yangu, mahali pale pale pa siku ya kwanza:

Kriti-kriti-ting.

Fundi alipiga usukani kwa kiganja. "Huo! Huo sasa!"

Kuna jambo lilikuwa limenigusa akilini, na niliogopa kuliongelea lisije likapotea. Ukiongoza kwaya unazoea kitu kimoja: sauti mbovu ikisikika, huiulizi kwaya nzima. Unajiuliza nani amehama kiti. Wiki jana wimbo ulikuwa safi na leo umeharibika upande wa dirisha. Basi nani leo ameketi upande wa dirisha ambaye wiki jana hakuwepo hapo?

"Simamisha gari," nilisema.

"Tutachelewa."

"Fundi, simamisha."

Alisimama. Nilimgeukia. "Spea uliyofunga sasa hivi, jana ilikuwa wapi?"

"Nyuma kulia. Niliitoa kwa sababu ya tairi."

"Na jana, kabla hujaitoa, mlio ulikuwa wapi?"

Akageuka kutazama nyuma ya gari. "Nyuma kulia."

"Na leo asubuhi, ilipokuwa kwenye buti?"

"Kimya," akasema polepole.

"Sasa rudi nyuma. Mlio wa kwanza ulikuwa mbele kushoto. Yule mzee wa gereji akabadilisha beringi, ukapona. Lakini siku ile kulikuwa na mwiba. Alifunga spea, akalitupa la mbele kushoto kwenye buti. Haikuwa beringi iliyotuponya. Gurudumu lilikuwa limekwenda kulala. Halafu tukapata pancha Mraru, tukaliamsha, tukaliweka nyuma kulia—"

"—na mlio ukahamia nyuma kulia," akamalizia.

Tulitazamana. Sijui kama nimewahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Ulikuwa kama nyumba inayofunguliwa madirisha, moja baada ya jingine.

"Mwalimu," akasema, "mlio haukuhama."

"Ulihamishwa," nikasema. "Na sisi wenyewe, kwa jeki yetu."

Aliruka nje bila kufungua mlango. Gari lile liliruhusu hivyo. Alilipandisha kwa jeki, akaling'oa lile gurudumu, akalilaza kwenye majani kati yetu. Tulipiga magoti kila mmoja upande wake kama watu wanaosali. Spoki zote zilionekana nzima, zimenyooka, zimepakwa rangi ya fedha. Alizishika kwa vidole. Zilikuwa nyingi mno, na chafu, na vumbi lilikuwa limejaa kwenye kitovu cha gurudumu.

"Nipe spana ndogo," nilisema.

Nilianza kuzigonga, moja moja, karibu na rimu. Ting. Ting. Ting. Zilikuwa na sauti moja, nyembamba na safi. Ting. Ting. Kisha spana yangu ikagusa moja ikasema: tap. Kama kijiti.

"Hiyo," tulisema pamoja.

Aliiwekea alama ya udongo mwekundu. Niliendelea. Ting, ting, tap. Tena tap. Zilikuwa zimefuatana karibu karibu, upande mmoja wa gurudumu. Nilipofika kwenye ile ya katikati yao, haikutoa hata sauti. Fundi alikwangua vumbi na grisi kavu pale kwenye kitovu, akaisukuma spoki kwa kidole gumba, nayo ikachomoka ikabaki mkononi mwake. Ilikuwa imekatika kichwani kabisa, mahali palipojificha. Kwenye mkato kulikuwa na kutu ya siku nyingi. Rangi ya yule meneja ilikuwa imeishikilia mahali pake kama gundi, na ndiyo iliyotudanganya macho.

Aliinyanyua juani akaigeuza huku na huku.

"Gari likiingia kona, uzito wote unalalia magurudumu ya nje," akasema. Nilimsikia fundi wa karakana amerudi, yule wa kunyoosha kidole. "Hizi zilizolegea zinasuguana, na hii iliyokatika inapiga kitovu. Barabara ikinyooka, zinatulia. Na mjini hakuna kona ya kuzisumbua. Yule mzee Mkamba hakuwa na kosa. Angeusikia wapi?"

"Na zingeendelea kukatika?"

"Zingeendelea. Moja ikikatika, jirani zake zinabeba mzigo wake. Halafu siku moja, kwenye kona ya kule juu..." Alinishika mkono, wenye udongo na grisi, akaukaza.

Lakini kujua hakukumtosha, hata mimi hakukunitosha. Tulitaka kusikia. Aliitoa mipira ya viraka na solusheni, akabandua lile tairi lililopasuka. Tundu lilikuwa dogo kuliko tulivyodhani. Alikata kiraka, nikapuliza gundi ikauke, tukapokezana pampu ya mkono mpaka mabega yakawaka moto. Akalifunga mbele kushoto. Lile bovu likarudi kwenye buti.

"Sasa," akasema, "hatwendi Taveta kwanza. Tunarudi nyuma."

Aligeuza gari. Tulirudi mpaka mwanzo wa zile kona, akageuza tena, na tukaziingia kwa kasi ya kawaida. Kona ya kulia. Nilifumba macho. Upepo, injini, changarawe. Basi. Alirudi nyuma akazirudia, safari hii kwa kasi zaidi. Kimya. Mara ya tatu hatukuwa tukijaribu tena kitu chochote. Tulikuwa tukicheza tu. Alipiga kelele kama mtoto aliyefunga bao, nami nikasimama kitini nikishika kioo cha mbele, nikaimba sauti ya juu kabisa niliyonayo, ile ambayo kanisani sikuitoa kwa kuwahurumia wengine. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani na majembe begani walisimama kutuangalia, na mmoja akatupigia kigelegele bila hata kujua tunashangilia nini.

Kule Mahoo tulifika tumechelewa, wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Mzee wa ndizi alikuwa ametungoja chini ya kivuli cha migomba, mtu mnene mwenye cheko kubwa, na mkewe alikuwa ameshaandaa wali na kuku. Mifereji ya maji ilikuwa ikipita kando ya shamba, na baada ya vumbi lile lote nilitamani kuingiza miguu yangu humo. Alitukaribisha, akalizunguka gari akilipapasa kama ng'ombe wa maonyesho.

Fundi hakusubiri chakula.

"Mzee wangu, naomba unisamehe. Nimekuja kukuambia kwamba siuzi tena."

Cheko likakatika. "Umetoka Voi mpaka hapa kuniambia huuzi?"

"Nilipotoka Voi nilikuwa nauza."

Akamweleza yote. Mlio, beringi, springi, kizibo cha soda, panya. Alitoa spoki mfukoni akamwekea mkononi. Na alipofika penye lile swali langu la spea jana ilikuwa wapi, alininyooshea kidole kama alivyokuwa akizinyooshea injini. "Huyu ndiye aliyelipata kosa. Mimi nilikuwa na spana, lakini masikio yalikuwa yake. Na sasa siwezi kuuza gari ambalo mke wangu amelirudisha."

Mzee aliitazama spoki, akanitazama mimi, akakuna kichwa. Alikuwa ameumia, haikufichika.

"Nilikuwa nimeshawaambia watu," akasema. "Binti yangu anaolewa Agosti, shule zikifungwa. Nilitaka aende kanisani na gari ambalo halijawahi kuonekana Taveta. Siyo lori langu la ndizi."

Fundi aliniangalia. Nilitikisa kichwa kukubali kabla hajasema.

"Basi kanisani ataenda nalo," akasema. "Tutalileta wenyewe. Hutatoa chochote. Hata petroli."

Mke wa yule mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, akasema, "Sasa hapo mmesema neno la watu. Naweni mikono, chakula kinapoa."

Tulikula mpaka tukashindwa kuinuka.

Tukirudi, baada ya Mbuyuni, pale barabara inaponyooka katikati ya pori kama imechorwa kwa rula, Fundi alisimamisha gari, akashuka, akazunguka kuja upande wangu.

"Sogea," akasema.

"Niende wapi?"

"Kwenye usukani. Gari ni lako kama lilivyo langu. Leo zaidi."

Nilizima injini mara nyingi kabla sijajua klachi inataka nini. Nyumbu walituangalia wakitafuna. Lakini kufikia Maktau nilikuwa nikibadilisha gia bila kuangalia chini, na kila mara mume wangu alipofungua mdomo kunifundisha, nilimwambia anyamaze nisikilize injini. Alinyamaza. Baadaye kidogo akaanza kupiga mluzi.

Spoki mpya ziliagizwa Mombasa, nasi tukazisuka wenyewe nyumbani, yeye akikaza na mimi nikigonga, mpaka gurudumu zima likawa na sauti moja kuzunguka pande zote. Tuliyapima na mengine yote hivyo hivyo. Wenzake wa karakana walikuja kutazama. Mmoja aliigiza ule mlio wa zamani, na Fundi, badala ya kununa, alimpa spana na kumwambia autafute. Walicheka wote, naye alicheka kuliko wao. Kwa yule mzee wa gereji alikwenda kumweleza mwenyewe kwa heshima, na mzee akasema yuko tayari kurudisha nyama ya mbuzi, ila kwa kuwa ameshaila atamrudishia mifupa.

Leseni niliipata Julai. Askari aliyenipima alikuwa na mwili mkubwa, na aliingia kwenye kile kiti kwa taabu. Alinipitisha mji mzima, stesheni, sokoni, mpaka kwenye reli na kurudi. Mwishoni alisema tu, "Mama, umepita. Sasa nisaidie kutoka."

Agosti tulikwenda Mahoo. Kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyelifikiria: gari lina viti viwili, na bibi harusi ni mmoja. Kiti kinachobaki ni cha dereva peke yake. Wanaume wa familia walianza kubishana nani atamwendesha, mjomba huyu au yule. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyesema, akiwa mlangoni na shela lake.

"Nataka mwalimu aniendeshe."

"Mwanamke?" mjomba mmoja akauliza.

"Ndiye aliyelipata kosa la hiyo gari," baba yake akasema kwa sauti ya kumaliza maneno. "Funguo mpeni."

Nilimfunga shela kwa pini mbili zaidi, nikamwambia ashike mlango. Tulitoka polepole kati ya migomba, watu wakitukimbilia pande zote mbili, halafu barabara ya Taveta ikafunguka mbele yetu, Kilimanjaro ikiwa wazi kuanzia chini mpaka kwenye theluji, kama inavyokuwa asubuhi chache za mwaka. Nyuma yetu lilifuata lori la ndizi limejaa ndugu wakiimba, na Fundi alikuwa amejitokeza nje ubavuni mwa lori akinipungia mikono yote miwili, jambo la hatari, nami nikimwona kwenye kioo.

"Mwalimu," bibi harusi akaniambia, "unaweza kuongeza kidogo?"

"Shela litaruka."

"Acha liruke."

Nikaongeza.